Msaidizi Huyu Ameajiriwa na Nani?

Leo tunakwenda Berkeley, mji wa chuo kikuu katika jimbo la California, Marekani, na mwaka ni 1962. Mwaka huo aliingia pale mwanafunzi aitwaye Ed Roberts. Polio ilimpata mwaka 1953 akiwa na miaka 14, ikampoozesha mwili mzima kuanzia shingoni, ikamwachia vidole viwili vya mkono na vichache vya mguu. Usiku alilala ndani ya mashine ya kupumulia, pipa refu la chuma lenye kilo zaidi ya 350, kichwa tu kikiwa nje. Mchana aliishi kwa kumeza hewa, funda baada ya funda.

Chuo hakikumtaka. Mkuu mmoja alisema walishawahi kuwajaribu vilema, mambo hayakwenda. Idara ya Ukarabati ya jimbo, ambayo kazi yake hasa ilikuwa kuwasaidia watu kama yeye wapate kazi, ilikataa kumlipia kwa hoja kwamba hataajirika kamwe. Magazeti yalipoanza kuandika, idara ikalegeza. Likabaki suala la malazi: mashine ile ilikuwa nzito mno kwa mabweni. Akapewa chumba katika hospitali ya chuo, Cowell.

Wakaja wengine wenye hali kama yake, na kufikia mwisho wa miaka ya sitini walikuwa 12 hivi, wakijiita Rolling Quads. Ilikuwa hospitali, naam, lakini wao hawakuwa wagonjwa. Kila mmoja alimtafuta msaidizi wake, akamfundisha namna ya kumnyanyua, kumwogesha na kumlisha, na asiporidhika naye akamwachisha kazi.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo historia hii inapoanzia, wala si kwenye sheria zilizokuja baadaye. Mtu asiyeweza kufunga kifungo cha shati lazima asaidiwe, hilo halina ubishi. Swali ni msaidizi huyo ameajiriwa na nani. Akiwa wa hospitali, utaamka zamu yake ikianza na utalazwa zamu ikiisha, uwe na usingizi usiwe nao. Akiwa wako, utarudi saa saba usiku kutoka kwenye mjadala wa siasa na atakuwa anajua hivyo tangu jana. Vijana wa Cowell waliona kwamba anayevalishwa kwa robo saa akaenda zake darasani amejitegemea kuliko anayehangaika na soksi asubuhi nzima ili asifiwe na mtaalamu.

Na kuna la mapenzi, maana hawa walikuwa vijana. Roberts alipata mpenzi, na kila walipotoka pamoja msaidizi alikuwa nyuma yao anasukuma kiti cha magurudumu. Alishaambiwa kiti cha umeme hakiwezi, kwa kuwa vidole vyake viliweza kuvuta tu, si kusukuma. Basi kisanduku cha usukani kikageuzwa, mbele kikawa nyuma. Akajifunza kukiendesha kwa siku moja.

Lakini viti vya umeme vya wakati ule havikuundwa kwa ajili ya kutwa nzima mitaani. Mikanda ilikatika, betri zilikufa njiani. Kiti kikiharibika Ijumaa, mwenyewe amefungwa kitandani mpaka muuzaji apate nafasi, pengine wiki kadhaa. Ndiyo maana mpango wa wanafunzi wenye ulemavu ulioanzishwa chuoni mwaka 1970 ulikuwa na karakana yake ya viti, pamoja na orodha ya wasaidizi na huduma ya kutafuta nyumba. Mtu wa ofisini angeanza na semina. Hawa walianza na fundi.

Muda si mrefu wakaanza kupiga simu watu wasio wanafunzi. Mwaka 1972 kikazaliwa chombo cha mji mzima, Center for Independent Living, yaani kituo cha maisha ya kujitegemea, ndani ya nyumba ndogo ya kupanga. Wasioona nao wakajiunga. Aliyekuja kuomba ushauri alikaa na mshauri mwenye ulemavu, mtu aliyekwisha kugombana na wenye nyumba na maofisa wa misaada, anayejua fomu ipi hujazwa kwanza. Halmashauri ya mji nayo ilibanwa mpaka ikaanza kuchonga miteremko kwenye kingo za barabara, mtaa wa Telegraph ukiwemo.

Mwaka 1975 gavana Jerry Brown alimteua Roberts kuongoza Idara ya Ukarabati, ileile iliyosema hataajirika. Akatumia wadhifa huo kufungua vituo vya namna hii sehemu nyingine za California. Mwaka 1978 Bunge la Marekani likaidhinisha fedha za vituo nchi nzima, na baadaye sheria ikaweka sharti: zaidi ya nusu ya watumishi na ya wajumbe wa bodi wawe wenyewe wana ulemavu. Wenye kuendesha miradi watakubaliana nami kwamba ruzuku hupatikana. Sharti kama hilo ndilo hukwepwa.

Haki ya kuchagua pa kuishi na wa kuishi naye imo leo katika ibara ya 19 ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009.

Juma lijalo tutavuka ghuba hadi San Francisco, Aprili 1977, ambako watu wenye ulemavu zaidi ya mia moja waliingia katika jengo la serikali na kukataa kutoka. Walikaa zaidi ya wiki tatu, na chakula cha moto waliletewa na chama cha Weusi cha Black Panther.