Sara na Israeli katika Daftari la Ubatizo

 

Nimeombwa nizungumze juu ya imani na vielelezo vya imani. Nitaanza na kitu kinachokaa kabatini katika ofisi ya kila usharika, yaani daftari la ubatizo. La kwetu lina jalada gumu ambalo mende wamelila pembeni. Ulifungue ukurasa wowote, hutamkosa Sara. Israeli wamo, na Yakobo, Rebeka, Eliya, Debora. Mtoto akiletwa abatizwe, bibi yake hulitamka jina hilo kwa fahari, na hakuna anayedhani limetoka ugenini. Limeshakuwa la nyumbani.

Tarehe 17 Agosti 1938 serikali ya Ujerumani ilitoa amri juu ya majina hayohayo. Mwanamume Myahudi ambaye jina lake halimtambulishi kuwa Myahudi aongezewe jina la Israel. Mwanamke aongezewe Sara. Amri ilianza kutumika Januari 1939. Haikuuliza mtu anasali wapi. Kwa sheria za serikali hiyo, aliyekuwa na mababu na mabibi watatu Wayahudi alikuwa Myahudi, hata kama yeye mwenyewe alibatizwa mchanga na kila Jumapili anaimba kwenye kwaya ya kanisa.

Johanna Klepper alikuwa mmoja wa hao. Mumewe, Jochen, mtoto wa mchungaji, alitunga nyimbo za kiroho ambazo Walutheri wa Ujerumani wanaziimba hadi leo wakati wa Majilio. Johanna alibatizwa Desemba 1938. Kanisa limempokea Desemba, Januari serikali imempachika Sara. Miaka minne baadaye, Desemba 1942, Jochen alikwenda mwenyewe kwa Adolf Eichmann, afisa wa serikali hiyo, kumwombea binti yao mdogo ruhusa ya kutoka nchini. Alinyimwa. Usiku ule wote watatu walijiua nyumbani kwao Berlin. Huwa sina maelezo ya kuongeza hapo, na namwogopa mhubiri aliye nayo.

Lakini serikali ilijuaje dini ya bibi wa mtu, bibi aliyezaliwa mwaka 1820? Msajili wa serikali alianza kazi Prussia mwaka 1874 tu. Kabla ya hapo, anayejua nani amezaliwa na nani, na nani amebatizwa akiwa mtu mzima, ni mchungaji. Mamilioni ya Wajerumani walitakiwa kuthibitisha ukoo wao, wakapanga foleni kwenye ofisi za sharika. Wachungaji walifungua kabati, wakanakili, wakapiga muhuri. Berlin, mchungaji aitwaye Karl Themel aliona kazi inachelewa. Mwaka 1936 alifungua ofisi maalumu iliyokusanya madaftari ya sharika za zamani za mji huo na kuyaandikia kadi. Waliochunguzwa wakaonekana kuwa na asili ya Kiyahudi walikuwa zaidi ya 2,500, na majina yao yakapelekwa kwenye idara ya serikali ya nasaba. Hakuvunja kufuli la mtu yeyote. Alitumia kalamu na wino, vifaa vyetu vilevile.

Siyasemi haya kana kwamba mimi ni msafi. Nimewahi kuandika barua ya utambulisho bila kuuliza inakwenda kutumika wapi. Mchungaji gani hajawahi?

Najua baadhi yenu mnangoja nimtaje Luther. Namtaja. Mwaka 1523 aliandika kijitabu cha kuwakumbusha Wakristo kwamba Yesu alizaliwa Myahudi, akakemea jinsi kanisa lilivyowatendea watu wa ukoo huo. Mwaka 1543 aliandika kingine, humo akashauri masinagogi yachomwe, nyumba zibomolewe, vitabu vya sala vichukuliwe. Masinagogi yalipochomwa kweli Novemba 1938, Martin Sasse, askofu wa Thuringia, alichapisha kijitabu cha maneno hayo na kushangilia kwamba moto ule uliwaka siku ya kuzaliwa kwa Luther. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani liliyakataa hadharani maandishi hayo. Mimi nafundisha Katekisimu Ndogo ya Luther kila mwaka na nitaendelea kuifundisha. Nilichoacha ni kumkata Luther nusu, nikawapa vijana upande wenye nyama.

Tumgeukie Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kijerumani ambaye picha yake wengi wetu tunayo ofisini. Aprili 1933, serikali ya Hitler ikiwa na miezi michache tu, alifiwa na mkwe wa dada yake. Sabine, pacha wake, alikuwa ameolewa na Gerhard Leibholz, Mkristo aliyebatizwa, wa ukoo wa Kiyahudi. Aliyefariki ni baba yake Gerhard, na huyo hakuwa amebatizwa. Familia ilimwomba Bonhoeffer aongoze mazishi. Akaenda kumwuliza mkuu wake wa kanisa, akashauriwa asikubali, akakataa. Mwezi huohuo alikuwa anaandika makala ya kuliambia kanisa kwamba linawiwa na kila anayeumizwa na dola, hata asiye Mkristo! Kichwa chake kilikuwa kimefika, miguu bado. Novemba mwaka huo alimwandikia shemeji yake kuomba msamaha, akikiri kwamba hajui aliwezaje kuwa na hofu kiasi kile.

Mimi kielelezo changu kinaanzia kwenye barua hiyo. Kunyongwa kwake na serikali ya Hitler katika kambi ya Flossenbürg, tarehe 9 Aprili 1945, kunatisha mno kuweza kuigwa. Kijana wa Soni au Bumbuli, huku kwetu Usambara, atasema hayo ni ya mashujaa wa Ulaya. Lakini kukataa mazishi kwa sababu marehemu hayumo daftarini? Hilo sisi tunalifanya kila mwezi, na kanuni tunayo mkononi.

Na sisi wa Usambara tuna sababu ya karibu zaidi ya kuifuatilia habari hii. Misheni iliyofika Mlalo mwaka 1891 ndiyo ambayo baadaye, mwaka 1906, makao yake yalihamia Bethel, karibu na Bielefeld. Huko Bethel, Agosti 1933, Bonhoeffer na wenzake walikaa kuandika ungamo la imani la kupinga mafundisho ya wakati ule. Sehemu inayohusu Wayahudi iliandikwa kwanza na Wilhelm Vischer, mwalimu wa Agano la Kale kutoka Uswisi. Rasimu ikazungushwa kwa wataalamu takriban 20 ili watoe maoni. Mnajua kamati zinavyofanya. Iliporudi, makali yalikuwa yamelainishwa, na Bonhoeffer akakataa kuitia sahihi. Mwaka uliofuata Azimio la Barmen, ungamo lingine la kupinga mafundisho hayo, ambalo tunalisifu kwa haki, halikuwataja Wayahudi kabisa.

Sasa niwaletee mtu ambaye picha yake hatuna. Katharina Staritz alizaliwa Breslau mwaka 1903, akasoma teolojia, akawa vikari wa mji huo. Kwetu vikari ni mtu aliye njiani kwenda kwenye uchungaji. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa dari, kwa kuwa alikuwa mwanamke. Septemba 1941 ilitangazwa kwamba kuanzia tarehe 19 Wayahudi wavae nyota ya njano hadharani, wakiwemo waliobatizwa. Tarehe 12, wiki moja kabla, Staritz aliandikia sharika za mji wake waraka. Aliwaambia kwamba watu hawa wana haki ya kuwa kanisani kama wengine. Akaingia kwenye mambo ambayo wanateolojia wakubwa huyaona madogo: wahudumu wa mlangoni waelekezwe namna ya kuwapokea, washarika wawapitie nyumbani wakaongozane nao, tena wakae nao benchi moja.

Benchi ndilo lililowaudhi. Viongozi wa kanisa lake walimsimamisha kazi. Gazeti la SS, kikosi cha chama cha Hitler, likamshambulia. Desemba mwaka huo makanisa saba ya majimbo yalitangaza kwamba Wakristo wa asili ya Kiyahudi hawana tena nafasi ndani yake. Machi 1942 Staritz alikamatwa, akapelekwa kambi ya Ravensbrück, akatoka Mei 1943. Alifariki mwaka 1953 huko Frankfurt.

Mwaka jana nilimfundisha katika darasa la kipaimara, nikijiona nimepata kielelezo kisicho na doa. Nilieleza mlango, njia, benchi. Msichana mmoja aliyekaa nyuma, ambaye kwa bahati jina lake ni Sara, akanyoosha mkono.

“Baba mchungaji, waraka ule ulikuwa wa waliobatizwa?”

Nikasema ndiyo.

“Na jirani zao ambao hawakubatizwa, wenye nyota ileile, nani aliwapitia nyumbani?”

Ningeweza kumwambia kwamba Bonhoeffer na shemeji yake mwingine, Hans von Dohnanyi, walishiriki mwaka 1942 kuwavusha watu 14 hadi Uswisi, na kwamba si wote walikuwa Wakristo. Ningeweza kueleza kwamba mwanamke yule alitumia mamlaka kidogo aliyokuwa nayo, ambayo yalikomea ndani ya kuta za kanisa. Yote ni kweli. Lakini aliuliza kwa sauti ndogo, na wavulana wa mbele walikuwa wameshaanza kukusanya madaftari yao waondoke. Nikawaambia wakae, kisha nikamwomba Sara asimame alirudie swali.