Kambi ya Ukingoni na Wajibu wa Askari

Mtu aendaye kupumzika pwani, iwe Kigamboni, iwe Tiwi au Watamu, akapiga hema lake katika uwanja wa kambi kando ya bahari, hadai mambo makubwa. Hutaka maji ya kunywa, choo chenye mlango unaofungika, mahali pa kukoka moto bila ya kuunguza hema la jirani, na mlinzi wa usiku. Hulipa ada yake, hulala siku mbili au tatu akisikiliza mawimbi, kisha hukunja hema na kurudi nyumbani akiwa ameburudika. Likikosekana moja tu katika hayo manne, huondoka siku ile ile, kwa kuwa anako kwa kwenda.

Wako watu wengine wanaopiga kambi kando ya maji nao hawana kwa kwenda. Mahali ambapo jambo hilo limeonekana wazi kuliko kwingi katika Afrika Mashariki ni bandari ya Juba, mji mkuu wa Sudani Kusini, nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Juba haina bahari; bandari yake iko ukingo wa magharibi wa Mto Nili. Kusini ya mji huo mto umejaa maporomoko, na vyombo vikubwa haviwezi kupanda zaidi. Kwa hiyo kila tishari litokalo kaskazini, kutoka Kosti hata kupita Malakal na Bor, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,400, hukomea hapo. Atakayeshuka hana budi kushuka hapo, na mizigo yake yote pamoja naye.

Kupiga kambi katika sehemu hiyo ya mto si jambo geni. Gondokoro, kaskazini kidogo ya Juba katika ukingo wa mashariki, ndipo Samuel Baker alipoweka kambi ya jeshi la Misri mwaka 1871 na kuitangaza nchi ile kuwa mali ya Misri, pasipo wenyeji kuulizwa. Lakini yanayostahili kutafakariwa zaidi na askari wa leo ni ya karibu zaidi.

Baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005 Juba ilifurika wageni: maofisa wa mashirika, makandarasi, wafanyabiashara kutoka Kenya na Uganda. Nyumba za kuwalaza hazikuwapo. Mahema yakapangwa kando ya Nili, kila moja na kitanda chake na feni yake, na mgeni akalipa zaidi ya dola 100 za Marekani kwa usiku mmoja. Alipewa maji yaliyosafishwa, choo, jiko na mlinzi. Wengi walilalamika kuwa ni ghali mno, na walikuwa na haki ya kulalamika, lakini hawakuugua.

Kisha ikaja tarehe 9 Julai 2011, siku ya uhuru. Wananchi wa Sudani Kusini waliokuwa wameishi Khartoum na Kosti miaka mingi walianza kurejea kwa maelfu, na mwaka 2012 walihimizwa kuondoka upesi, maana muda waliopewa na serikali ya kaskazini ulikuwa umekwisha. Waliokuja kwa mto walisafiri majuma mengi juu ya matishari. Walibeba vitanda, makabati, mabati, hata milango na fremu za madirisha ya nyumba walizozibomoa ili wakajenge upya. Walipofika Juba walishusha vitu hivyo gatini, na wengi wakakaa hapo hapo. Hawakuwa na kiwanja wala nauli ya kwendea vijijini, na wengine hawakuwa na kijiji walichokikumbuka. Kabati likageuzwa ukuta, mlango ukawa paa, turubai likafunika yote. Hiyo ikawa kambi yao.

Mto ni ule ule na udongo wa ukingo ni ule ule. Kilichoitenga kambi ya dola 100 na kambi ya turubai si uzuri wa hema. Ni yale mambo manne ambayo mtalii wa Watamu huyaona madogo.

Maji ndiyo ya kwanza. Aliye kando ya mto mkubwa hudanganyika kirahisi, kwa kuwa maji yako mbele ya macho yake na wala hayana bei. Ndoo hutumbukizwa pale pale panapofuliwa nguo na kuoshewa watoto, na hatua mbili tu kutoka mahali ambapo usiku watu wamekwenda haja. Kila askari aliyepitia mafunzo ya kambi ya porini anaijua kanuni: maji ya kunywa huchotwa mkondo wa juu, wanyama hunyweshwa chini ya hapo, na kufua na kuoga huwa chini zaidi. Kanuni hiyo haihitaji fedha. Inahitaji vigingi vitatu, kamba, na mtu mwenye sauti ya kutii na kutiiwa akisimama kwenye kamba hiyo tangu alfajiri.

Hata hivyo mkondo wa juu wa kambi moja ni mkondo wa chini wa nyingine, na juu ya bandari ya Juba kuna mji mzima. Maji ya Nili lazima yatibiwe. Wakati wa mvua, kuanzia Aprili hadi Novemba, huwa mazito kwa tope, na dawa ya klorini ikitiwa katika maji ya tope huishia kupambana na tope badala ya vijidudu. Yafaa yaachwe kwanza yatulie, au yatiwe shabu ili uchafu uzame, ndipo itiwe klorini na kungojwa nusu saa. Anayetia dawa na kugawa maji papo hapo anawagawia watu harufu ya dawa tu.

Mwaka 1994 ulimwengu ulionyeshwa gharama ya kupuuza jambo hili. Mwezi Julai watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka kutoka Rwanda na kuingia Goma, mashariki ya nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, wakakaa karibu na Ziwa Kivu. Ziwa lilikuwa limejaa maji, nao wakachota na kunywa. Ardhi ya Goma ni jiwe la volkeno. Jembe na sururu ziligonga mwamba na vyoo havikuchimbika. Katika mwezi wa kwanza watu karibu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Bunduki hazikuua watu hao. Waliuawa na ndoo.

Lipo pia la Kagunga, ambalo Watanzania wanalikumbuka. Ni kijiji cha wavuvi mkoani Kigoma, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kilichobanwa kati ya maji na mlima mkali, hatua chache kutoka mpaka wa Burundi. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikimbilia katika ufuko huo mwembamba. Kipindupindu kikaingia, wagonjwa wakapita 3,000 na watu wapatao 30 wakafa, wakimbizi na wenyeji pia. Kilichozuia Kagunga isiwe Goma ya pili ni kuwaondoa watu ufukoni kwa haraka. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilikwenda na kurudi kati ya Kagunga na Kigoma ikipakia watu mamia kwa mamia, na kutoka Kigoma wakapelekwa Nyarugusu. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unataka wakimbizi wakalishwe mbali ya kutosha na mpaka wa nchi waliyoikimbia. Huko Kagunga kifungu hicho, kilichoandikwa kwa ajili ya usalama, kilikuwa dawa pia.

Juba yenyewe haikunusurika. Mwezi Mei 2014 kipindupindu kilitangazwa mjini humo, na nchi nzima ikapata wagonjwa zaidi ya 6,000. Kilirudi mwaka 2015, kisha tena mwaka 2016 na kuendelea mpaka mwisho wa 2017, kikiua watu zaidi ya 400. Baada ya vita kuzuka Sudani Aprili 2023, maelfu walivuka tena kuingia Renk na kupakiwa katika vyombo vya mtoni kwenda Malakal. Na ni Renk ambako mwezi Oktoba 2024 ulitangazwa mlipuko mwingine, ambao umekuwa mkubwa kuliko yote tangu uhuru. Ugonjwa husafiri na watu, kambi hadi kambi, gati hadi gati.

Choo ni jambo ambalo wakubwa wengi huona haya kulizungumza gwarideni. Haya hiyo ni ya bure. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza waliwachukua wapagazi wa Afrika Mashariki kwa mamia ya maelfu. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni ukumbusho wao. Kutoka Kenya peke yake walikufa zaidi ya 40,000, na wengi wao hawakuguswa na risasi. Waliuawa na kuhara, homa na njaa, katika kambi ambazo hakuna aliyejali kuzichimbia mashimo. Jeshi lililowatumia lilikuwa na waganga na lilikuwa na vitabu vya kanuni za afya ya kambi. Kanuni hizo walitumiwa wengine.

Kanuni ya leo inajulikana: choo kimoja kwa watu 20, au kwa watu 50 katika siku za kwanza za dharura, mita 30 au zaidi kutoka kwenye maji, na sakafu ya shimo iwe mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Hilo la mwisho ndilo gumu ukingoni mwa Nili, kwani ukichimba kidogo maji hutokea. Hapo hujengwa vyoo vya kuinuliwa juu kwa matofali au mapipa, navyo huzolewa. Vikijaa pasipo kuzolewa, afadhali visingejengwa. Na choo kiwe na komeo kwa ndani na taa njiani. Mwanamke anayeogopa kwenda chooni usiku atakwenda penye giza la karibu, na giza la karibu katika kambi ya ukingoni ni mto.

Kuhusu moto maneno machache yatosha. Turubai huwaka kama karatasi, kwa hiyo njia ziachwe kati ya safu za mahema, na kuni zisikatwe kwenye miti inayoshika ukingo usimomonyoke.

Linabaki la nne, mlinzi, nalo ndilo la askari hasa. Raia aliyekaa wiki nyingi juu ya tishari, akashuka gatini na watoto na kabati lake, mtu wa kwanza wa serikali anayemwona amevaa sare. Kwa jinsi atakavyosemeshwa saa hiyo ndivyo atakavyoijua nchi aliyofikia. Askari anayeomba chochote ili fungu la mizigo lipite amemwibia mtu ambaye hana kitu kingine duniani ila fungu lile. Askari anayewaita watu hao uchafu wa bandarini amesahau kwamba gati ni mali ya umma, na kwamba hakuna umma mwingine ila hao.

Tena kambi ya raia haiingiwi na silaha. Usiku wa tarehe 17 Februari 2016, huko Malakal, katika kambi ya raia iliyokuwa chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, watu wenye bunduki waliingia, baadhi yao wakiwa wamevaa sare za jeshi. Mpaka kesho yake watu wasiopungua 25 walikuwa wameuawa na sehemu kubwa ya mahema imeteketea. Watu wale walikuwa wamekimbilia pale kwa sababu waliambiwa panalindwa. Sare iliyoingia kambini usiku ule iliwadhuru pia askari waaminifu wote, kwani tangu hapo mtoto wa kambi akiona sare hukimbia kabla ya kuuliza ni ya nani.

Ulinzi wa kambi ya ukingoni una kazi ndogo ndogo ambazo hakuna atakayezipigia saluti. Kuisimamia foleni ya maji ili wenye nguvu wasiwasukume wazee. Kumpeleka mtoto aliyepotea kwa mama yake. Kuangalia kamba ya mkondo wa juu isihamishwe usiku na wavivu. Na kubwa kuliko zote, kwa kuwa doria huzunguka mahema yote usiku na mchana, askari ndiye anayeweza kumwona mgonjwa wa kwanza kabla ya mganga. Kipindupindu huanza ghafla: mtu huharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele, hutapika, macho humwingia ndani, na akiachwa aweza kufa kabla ya jua kuchwa. Akitibiwa mapema, katika wagonjwa 100 hafi hata mmoja. Habari ipelekwe kwa mganga saa ile ile, si kwenye ripoti ya kesho asubuhi. Wakati mganga anangojwa, mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo bila ya kukoma: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Aliyemhudumia anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika ndoo.