Saa Tano Yetu na Saa Tano ya Simu

(Mazungumzo ya kamati ya afya mbele ya mkutano wa vikundi vya kujisaidia vya parokia)



Tumeombwa tuzungumze juu ya programu za simu zinazotunza hesabu ya ugonjwa wa sukari. Hatukuja kuuza simu. Tumekuja kuwaeleza kosa tulilofanya sisi wenyewe, maana nusura limdhuru mwenzetu.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya programu. Mtu anayedungwa insulini anahitaji kujua sukari yake ilikuwa ngapi, alidunga dawa kiasi gani, alikula nini na alifanya kazi gani siku hiyo. Haya yote yanaweza kuandikwa kwenye daftari la shule. Programu nayo ni daftari, ila inapanga namba: za asubuhi pamoja, za jioni pamoja, halafu inachora mstari unaopanda na kushuka. Ukitazama wiki 2 hivi unaona mambo ambayo kichwa hakiwezi kukumbuka. Lakini haipimi damu. Bila ile mashine ndogo na vijiti vyake, programu ni ghala lisilo na mahindi. Na kwa vile vijiti ni ghali, uliza kliniki ni saa zipi ambazo kupima kuna maana kwako.

Sasa kisa chenyewe. Mama mmoja wa kikundi chetu hudungwa insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku, kabla ya chai ya asubuhi na kabla ya chakula cha jioni. Simu yake ni kabambe, haiwezi programu. Basi yeye akaandika kwenye daftari, na kila Jumapili baada ya misa kijana wa kamati akaingiza namba katika simu yake. Mama aliandika: saa moja, 8.2. Saa tano, 3.4. Siku nyingine tena, saa tano, 3.1. Kijana akabonyeza 5:00 jinsi alivyosoma. Sote tuliufurahia mchoro ule, tukamtuma amsindikize mama kliniki na simu.

Mmeona tulipoteleza? Saa tano ya mama ni saa tano asubuhi, yuko shambani na jembe mkononi. Simu huiita 11:00. Ile 5:00 tuliyoingiza ni saa kumi na moja alfajiri, mama akiwa bado kitandani. Tofauti ni saa 6, na kwa mtu wa insulini saa 6 si mchezo. Sukari ikishuka alfajiri, dozi ya jioni ndiyo hushukiwa kwanza. Ikishuka saa tano asubuhi, tunatazama dozi ya asubuhi, kazi nzito na chakula kilichochelewa. Mchoro wetu ulikuwa unamwambia sista apunguze sindano isiyo na kosa, na ile yenye shida iachwe vile vile.

Aliyetuokoa ni sista, si simu. Alimwuliza mama, "Ukianza kutetemeka na kutoka jasho huwa uko wapi?" Mama akajibu, "Si nakuwa shambani, sista!" Daftari likafunguliwa, saa zikasomwa upya. Kliniki ikarekebisha dozi ya asubuhi, na mama akafundishwa kula kitu katikati ya kulima. Tangu hapo hatuwacheki tena wanaong'ang'ania daftari.

Siku hizi mama anaandika "saa tano asubuhi", na kijana haingizi kitu kabla hajamsomea mwenyewe. Tena tunaandika pembeni neno moja tu: shamba, soko, mazishi, homa. Hilo neno moja limetufundisha mengi kuliko rangi zote za mchoro.

Angalieni pia kipimo. Mashine nyingi hapa kwetu husoma milimoli. Zile zinazoletwa na jamaa kutoka Marekani husoma miligramu. 7 ya milimoli ni sawa na 126 ya miligramu, kwa hivyo programu na mashine lazima ziongee lugha moja.

Halafu kuna mzee wetu aliyeandika 6 kila siku ili daktari asimgombeze. Mstari wake ulinyooka kama waya wa stima. Lakini hospitali ina kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi 2 hadi 3 iliyopita, na hicho hakikubembelezwa. Mzee amekubali tuwaeleze, na anacheka hapo nyuma.

Programu nyingine hutaka kukuhesabia dozi ya insulini. Hapana. Usiibadilishe dozi kwa neno la simu kabla ya kuongea na kliniki.

Na sukari ikiwa chini ya 4, weka simu kando. Koroga vijiko 3 vya chai vya sukari katika maji, unywe, ungoje dakika 15, upime tena. Ikipanda, kula chakula. Ikiwa bado iko chini, rudia. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Kijana wetu atakuwa pale nje chini ya mti baada ya chai. Mwenye daftari alilete, tusomeane saa.