Chakula Kipo, Pesa Hakuna: Kuishi na Mpendwa Aliyetekwa na Uraibu

Mazungumzo ya muuguzi wa afya ya akili kwa wazazi na walezi waliokutana Malindi, Kaunti ya Kilifi.

Najua wapo walioaga nyumbani kwamba wanaenda chamani, kwa kuwa hawakutaka jirani ajue kikao hiki ni cha nini. Siwalaumu. Kwetu pia tulisema uongo wa aina hiyo.

Mimi ni muuguzi, lakini leo nazungumza kwanza kama dada. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alitumia unga kwa miaka tisa. Mwanzoni watu walipouliza mbona amekonda, tulisema ni malaria. Mtungi wa gesi ulipotoweka, mama alisema ameuazimisha. Mdogo wangu akikopa dukani, mama alienda kulipa usiku ili asionekane. Tulidhani tunalinda jina la nyumba. Kumbe tulikuwa tukilipia unga.

Jambo la kwanza ninalowaomba mkubali ni kwamba uraibu ni ugonjwa. Heroini hubadilisha jinsi ubongo unavyofanya kazi. Mtu akiikosa kwa saa chache, arosto humwanza: mwili humuuma, tumbo humkata, hutapika, huhara, halali. Wakati huo hatumii tena kwa starehe, anatafuta nafuu. Ndiyo maana kumpiga, kumlaani au kumfunga kamba chumbani hakumponyi.

Lakini kusema ni mgonjwa si kusema kila analofanya ni sawa. Siku moja mama alimwambia hivi mlangoni: "Mwanangu, nakupenda. Chakula kipo, maji ya kuoga yapo. Pesa hakuna, na madeni yako silipi tena. Siku utakayotaka kwenda hospitali, hata iwe usiku, nitakusindikiza." Alilia baada ya kusema, lakini hakubadilisha neno. Nasi sote tukakubaliana, maana baba akinyima na shangazi akatoa, hapo hakuna msimamo.

Zungumzeni naye anapokuwa ametulia, si wakati amelewa wala akiwa na arosto. Semeni mlichokiona, si matusi. "Jana mtoto wako alilala njaa" humgusa mtu kuliko "wewe ni teja usiye na faida."

Matibabu yapo. Hapa Malindi, kliniki ya methadoni ilianza katika hospitali ya serikali mwaka wa 2015. Methadoni ni dawa ya maji ambayo mgonjwa hunywa kila siku mbele ya mhudumu. Ikipimwa vizuri, huondoa arosto, na mtu anaweza kufanya kazi na kukaa na watoto wake. Wapo wanaosema ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Mimi nawauliza: mwenye kisukari akinywa dawa kila siku, tunamwita mlevi? Kama mnatafuta kituo cha kurekebisha tabia, ulizeni kwanza kama kina kibali cha NACADA, na nani hasa atakayemhudumia mgonjwa wenu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hili huua. Mtu aliyekaa bila unga kwa wiki kadhaa, iwe alikuwa kituoni au jela, mwili wake umepoteza uzoefu. Akirudia kipimo chake cha zamani, anaweza kukata pumzi. Mkimkuta haamki, anakoroma vibaya au anapumua polepole mno, na midomo imebadilika rangi, mlazeni ubavu, msimwache peke yake, mkimbizeni hospitalini na mseme ukweli ametumia nini. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi. Aibu isiwacheleweshe.

Na wenye wagonjwa wa pombe: anayekunywa sana kila siku asiachishwe ghafla nyumbani. Anaweza kupata kifafa, kuchanganyikiwa, hata kufa. Mpelekeni hospitalini aachishwe chini ya uangalizi.

Mwisho, nanyi pia mnaumia. Mama alipata shinikizo la damu miaka ile, na hakuna aliyemuuliza analalaje. Kuleni, laleni, nendeni kazini, msali, mkutane na wenzenu wenye mzigo huu. Watoto nyumbani waambiwe kwa maneno mepesi kwamba baba ni mgonjwa na si kosa lao. Akiwa na fujo au akitisha kwa kisu, ondokeni kwanza na watoto, kisha mtafute msaada kwa chifu au polisi. Kumpenda mtu si kukubali akuumize.

Mtaniuliza, mdogo wako alipona? Alikwenda kliniki, akarudia unga. Akaenda tena, akarudia tena. Safari ya tatu imeshika. Leo asubuhi amekunywa dawa yake, kisha akaenda ufuoni kusaidia kuvuta nyavu. Sijui kesho itakuwaje, lakini mama hasemi tena kwamba ni malaria. Akiulizwa, hujibu, "Mwanangu anatibiwa." Siku aliyoanza kusema hivyo, jirani wawili walimjia jioni, kila mmoja akiwa na wake wa kumuulizia.

Kwa hiyo msiondoke hapa na siri zenu. Mwambieni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, au pigeni simu ya NACADA, nambari 1192, bila malipo. Kama ni dhuluma nyumbani, pigeni 1195. Nami nitabaki hapa mpaka wa mwisho aondoke.