Mitumbwi Katika Mto Wenye Mwenyewe



Nimeombwa nizungumzie namna mwenye mto anavyoweza kusimamia watu wanaotaka kupita na mitumbwi na kayaki. Mifano yangu mingi inatoka Uingereza, maana huko ndiko mgogoro huu umepiganwa muda mrefu, mahakamani na kingoni.

Katika England na Wales, mto usiofikiwa na maji ya bahari yanayopwa na kujaa una wenyewe. Sakafu yake ni mali ya wenye ardhi inayopakana nao, na mwenye ukingo mmoja huhesabiwa kumiliki hadi katikati. Maji yanayotiririka hayana mwenyewe, ila anayeelea juu yake yuko juu ya ardhi ya mtu. Akipita bila idhini huwa hajatenda jinai: mwenye mto akitaka kumzuia, afungue kesi ya madai. Ipo mito yenye haki ya umma ya kupita, kama Thames, na Wye kuanzia Hay-on-Wye kwenda chini. Mingi haina haki hiyo, au inabishaniwa.

Mwaka 1991 kesi ya mto Derwent wa Yorkshire ilifika kwa majaji wa Baraza la Malordi. Waliodai haki walitegemea sheria ya mwaka 1932, iliyokuwa ikigeuza njia iliyotumiwa na umma miaka 20 bila kipingamizi kuwa njia ya umma. Majaji walisema sheria hiyo ni ya njia za nchi kavu, haiwezi kuzaa haki ya kupita mtoni. Uskoti walikuwa wamekwenda upande mwingine. Mwaka 1976 majaji wa baraza hilohilo waliitambua haki ya umma kupita mto Spey, na ushahidi mmojawapo mzito ulikuwa magogo yaliyokuwa yakielekezwa na watu kwenye mkondo hadi baharini karne zilizopita. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika 2005, ikampa kila mtu haki ya kufika kwenye sehemu kubwa ya ardhi na maji ya ndani, mradi aitumie kwa uangalifu. Vyombo vya injini havimo.

Sasa niseme ninaloliamini. Mmiliki anayetumia fedha zake kufunga maji anazipoteza. Mto wa kilomita thelathini hauna lango, na mtu aliyeingia kilomita kumi juu hatakiona kibao chako mpaka ameshafika. Tazameni malalamiko yenyewe yanatokea wapi. Gari limeziba lango la shamba asubuhi ambayo trekta linataka kupita. Watu wengi wameshukia sehemu moja hadi udongo wa ukingo umeporomoka. Mtu amebadilisha nguo mbele ya nyumba ya mwenzake. Karibu yote ni ya ukingoni. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye mahali pa kushukia na pa kutokea.

Mahali hapo pachaguliwe kwenye maji yaliyotulia, karibu na barabara, pawe na nafasi ya magari, na mteremko utandikwe mawe au changarawe nzito. Watu hufuata njia rahisi wakiipata. Ukiwawekea moja nzuri, hawana sababu ya kubomoa kumi mbaya. Kwenye kuta fupi zinazokatiza mto, zile zilizojengwa zamani kwa ajili ya vinu, kazi ni kubwa zaidi. Chini ya ukuta huo maji hujigeuza na kurudi nyuma, yakamshika mtu na chombo chake asiweze kutoka. Mahali pa kutokea pawe juu ya ukuta, mbali vya kutosha, na kibao kielekee upande maji yanakotoka, herufi zisomeke na aliyeketi ndani ya kayaki. Nimeona vibao vizuri vilivyoelekezwa barabarani, ambako havimwokoi mtu yeyote.

Wamiliki wengi huogopa kwamba wakijenga njia watashtakiwa mtu akiumia. Hofu hiyo ina msingi, lakini hukuzwa. Sheria za England na Wales za mwaka 1957 na 1984 zinamtaka mmiliki achukue tahadhari za kiasi. Hazimfanyi mdhamini wa kila anayejitosa. Mwaka 2003, katika kesi iliyoihusu halmashauri ya Congleton, majaji walikataa kuibebesha halmashauri lawama kwa kijana aliyejirusha kwenye maji mafupi ya ziwa na kuvunjika shingo, kwa kuwa hatari ilikuwa dhahiri na aliichagua mwenyewe.

Suala la pili ni muda, na hapa nawaomba tukae kidogo. Makubaliano mengi ya England kati ya wenye mito na wenye mitumbwi yaliruhusu mitumbwi majira ya baridi na kuizuia msimu wa uvuvi. Kalenda hiyo inamlinda mvuvi, ambaye mara nyingi amelipa fedha nyingi kwa siku chache za kuvua. Samaki ni habari nyingine. Salmoni hutaga mwishoni mwa vuli na mwanzoni mwa baridi, katika changarawe ya maji mafupi, na mayai hukaa humo miezi kadhaa. Yaani mlango unafunguliwa wakati mayai yako chini! Utafiti ulioandaliwa kwa ajili ya Wakala wa Mazingira wa England na Wales, ukatolewa mwaka 2000, haukupata ushahidi kwamba mitumbwi inapunguza samaki. Hata hivyo chombo kinachokwaruza changarawe yenye mayai hakiwezi kuwa jambo jema, na dawa yake ni kina cha maji. Simika ubao wa kupimia maji mahali pa kushukia, upakwe alama: maji yakiwa chini ya hapa, usishuke. Maji yakijaa, chombo hakigusi sakafu, na mara nyingi mvuvi naye ameshakunja vifaa vyake kwa sababu maji yamechafuka. Alama moja inawahudumia wote wawili, na kila anayefika anaweza kuisoma.

Makubaliano yenyewe yaandikwe na wahusika halisi. Haki ya kuvua inaweza kuuzwa au kukodishwa mbali na ardhi, kwa hiyo kukubaliana na mwenye shamba tu hakutoshi. Klabu ya mitumbwi nayo haiwezi kumfunga mtu ambaye si mwanachama wake. Na itajwe mapema ni nani ataufagia mteremko baada ya mafuriko.

Kwetu Kenya na Tanzania, swali la maji ni ya nani limeshajibiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaiweka mito katika ardhi ya umma. Sheria ya rasilimali za maji ya Tanzania ya mwaka 2009 inayakabidhi maji kwa Rais kama mdhamini wa wananchi, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Lakini mvuvi au mwongoza watalii atafikaje majini iwapo mashamba na hoteli zimepakana bila kichochoro? Napendekeza mamlaka zinazotoa vibali vya ujenzi kando ya mito ziweke sharti la njia ya kushukia, iliyochorwa kwenye ramani, kabla kibali hakijatiwa saini.