Simu ni Yangu, Siri ni ya Kazi: Nani Ashike Ufunguo?

(Mada niliyoitoa hapa Durban mbele ya wana Afrika Mashariki tunaoishi mji huu. Nimeipunguza kidogo ili isomeke pia na ndugu walioko nyumbani na ughaibuni kwingine.)

Niliombwa nizungumzie usalama wa kompyuta. Mada hiyo ni pana mno, nami nitachukua kipande kimoja tu: simu yako binafsi unayofungulia barua pepe za kazini, na daftari la wanachama wetu ambalo siku hizi haliko kabatini, liko mtandaoni.

Hoja yangu ni moja. Mwenye taarifa ana haki ya kulinda mlango wa taarifa zake, lakini haki hiyo haimpi umiliki wa simu ya mtu. Na sisi kama chama hatuwezi kumdai mwajiri adabu hiyo wakati mlango wetu wenyewe uko wazi.

Tuanze na mwajiri, maana si vizuri kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza.

Zamani faili la ofisi lilikaa kwenye kompyuta ya ofisini, na mlinzi wa getini alitosha. Leo faili liko kwenye wingu, yaani kwenye seva za kampuni nyingine unazozifikia kwa intaneti. Microsoft walifungua vituo vyao Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon wakafuata Cape Town mwaka 2020. Ikaja Korona. Machi 2020 nchi hii ikafungwa, na watu wakafanya kazi kwa kifaa chochote kilichokuwepo nyumbani: simu ya baba, laptopu ya mtoto wa shule. Nchi ilipofunguliwa, mazoea yakabaki.

Je, hofu ya waajiri ni ya kubuni? Hapana. Wengi wetu hapa tunakula kwa sababu ya bandari. Tarehe 22 Julai 2021 Transnet ilishambuliwa na wadukuzi, na shughuli za makontena hapa Durban zikakwama, siku chache tu baada ya zile ghasia za Julai. Kila tajiri wa mji huu aliona kwamba kompyuta zikilala, na kontena linalala.

Lakini mfano unaotuhusu hasa ni wa LastPass, kampuni ya Marekani ambayo kazi yake ni kutunza paswedi za watu. Mwaka 2022 wadukuzi hawakuvunja mlango wa ofisi. Walimfuata fundi mmoja mwandamizi nyumbani kwake. Kompyuta yake binafsi ilikuwa na programu ya kuangalizia filamu yenye tundu, wakapenya humo, wakapandikiza kijiprogramu cha kunasa kila herufi anayoandika. Fundi akaandika paswedi yake kuu, akapita na uthibitisho wa hatua ya pili kama kawaida. Wadukuzi wakaingia nyuma yake hadi kwenye hifadhi ya wingu yenye nakala za data za wateja. Kampuni ilieleza hayo mwanzoni mwa 2023.

Mnaona ndugu zangu? Mtu alikuwa ni yeye, paswedi ilikuwa sahihi. Kilichooza ni mashine. Ndiyo maana siku hizi mfumo wa kazini haukuulizi tu "wewe ni nani?" Unauliza pia "umekuja na chombo gani?" Swali hilo ni halali.

Tena sheria inamsukuma. Sheria ya Afrika Kusini ya kulinda taarifa binafsi, POPIA, ilianza kutumika kwa nguvu zote tarehe 1 Julai 2021. Inamtaka kila anayeshika taarifa za watu aweke kinga zinazofaa, na zikivuja awaarifu Msimamizi wa Taarifa na wenye taarifa zao. Wizara ya Sheria yenyewe ilishambuliwa Septemba 2021. Julai 2023 ilitozwa faini ya randi milioni 5 kwa kutotekeleza amri ya kurekebisha kasoro zake, zikiwemo leseni za programu za kuzuia virusi zilizoachwa zikaisha.

Basi mwajiri afanye nini? Njia ni tatu, na hapa ndipo siasa inapoanza.

Ya kwanza ni kuishika simu nzima. Unatakiwa kusajili simu yako katika mfumo wa kampuni, na idara ya kompyuta inakuwa na uwezo wa kuweka masharti, na hata kuifuta yote kutoka mbali. Kwa simu iliyonunuliwa na kampuni, sina ugomvi. Kwa simu uliyoinunua kwa jasho lako, ni sawa na mwajiri kudai ufunguo wa nyumba yako kwa sababu umehifadhi sare ya kazi kabatini.

Ya pili ni kutenga chumba. Android imekuwa na sehemu maalumu ya kazi ndani ya simu tangu mwaka 2014, na iPhone wakaleta usajili wa namna hiyo mwaka 2019. Inawezekana pia kuzibana programu za kazi peke yake: zidai namba ya siri, zikatae kunakili barua ya mteja na kuibandika kwenye WhatsApp. Ukiacha kazi, kinafutwa chumba cha kazi tu. Picha za watoto hazifikiwi.

Ya tatu ni dirisha. Kifaa kisichojulikana kinaruhusiwa kusoma kwa kivinjari tu, bila kupakua wala kuchapisha, na baada ya muda kinatolewa nje. Mambo mazito kama mishahara, au akaunti ya msimamizi wa mfumo, kifaa hicho hakiyagusi kabisa. Dirisha nalo lina upungufu wake. Haliwezi kumzuia mtu kuipiga picha skrini kwa simu nyingine, na mashine iliyooza inaona kila unachokisoma. Lakini anayeiba kurasa moja moja hana madhara sawa na anayebeba kabati zima.

Msimamo wangu: simu binafsi ipewe chumba au dirisha, kisiwe kitanzi. Anayetaka zaidi ya hapo anunue simu na alipie bando.

Kwa nini nasisitiza? Mwenzetu mmoja aliacha kazi katika ofisi moja ya hapa, ambayo sitaitaja. Jioni ile ile simu yake ikafutwa yote. Zilikwenda picha za mazishi ya mama yake na nakala za karatasi zake za Home Affairs. Alikuwa amesaini fomu, ndiyo. Lakini kibali chako kinapokaribia kuisha na barua ya mwajiri ndiyo tegemeo lako, unaweza kusema hapana? Ridhaa ya mtu aliyebanwa ukutani ni ridhaa ya mdomo tu. Kwa hiyo kabla ya kusaini uliza maswali matatu: mnaona nini ndani ya simu yangu, mnaweza kufuta nini, na nikikataa nitapewa njia gani nyingine ya kufanya kazi? Majibu yawe kwa maandishi.

Sasa tujitazame wenyewe. Mwajiri tumemsema vya kutosha.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chama chetu kina daftari: majina, namba za pasipoti, aina ya kibali, mtaa unapolala, ndugu wa kuarifiwa ukifariki ili mwili usafirishwe. Vyama vingi vya ughaibuni huliweka kwenye folda ya mtandaoni, na kiungo chake kinazunguka kwenye simu za viongozi wa sasa, wa zamani, na waliokwisha kurudi nyumbani. Yeyote mwenye kiungo anafungua. Simu ikiporwa Mahatma Gandhi Road, daftari limekwenda nayo.

Nani anahitaji kuelezwa hatari yake? Mwaka 2015 wenzetu walikimbia Isipingo wakalala kwenye mahema Chatsworth. Mwaka 2025 tumeona watu wakisimama milangoni mwa kliniki za mji huu wakidai vitambulisho. Na hapo hapo Chatsworth wapo wale wanaoitwa Wazanzibari, ambao wazee wao walishushwa Durban kuanzia mwaka 1873, watumwa waliookolewa na manowari za Kiingereza, wengi wao Wamakua. Utawala wa ubaguzi uliwaandika kwenye kundi lake, na kwa maandishi hayo wakahamishwa kutoka Kings Rest, Bluff, miaka ya 1960. Orodha ya watu si karatasi tu. Inategemea iko mikononi mwa nani.

Na POPIA haichagui kampuni peke yake. Chama nacho kinabanwa, na kiongozi wake mkuu ndiye anayewajibika. Mwenyekiti, hapo ni wewe!

Napendekeza mambo matano. Moja, kiungo cha wazi kifungwe leo, daftari lifunguliwe na watu watatu waliotajwa kwa majina. Pili, watumie akaunti za chama zenye uthibitisho wa hatua mbili, si akaunti zao binafsi. Tatu, simu zao zisome tu kwa kivinjari. Kupakua kufanyike kwenye laptopu moja ya chama. Nne, kiongozi akimaliza muda wake, atolewe kwenye vifaa vyote siku hiyo hiyo, bila kuoneana haya. Tano, tupunguze tunachokusanya. Namba ya pasipoti ya mtu aliye hai na mzima chama kinaitakia nini?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa jambo hili haujengeki, kwa sababu taarifa ikishatoka hairudi.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.