KOMPYUTA NDOGO: NYEPESI MKONONI, NZITO WAPI?

(Maneno yaliyosemwa na katibu wa tawi katika mkutano wa makatibu)



Matawi mawili yameleta barua yakitaka chama kiyanunulie kompyuta ndogo za kuchukua mkononi. Nimeombwa nieleze faida na hasara zake. Fedha zitakazotumika ni ada za wanachama, yaani jasho la watu waliotutuma hapa. Basi tusichague kama mtu anayependa kitu kwa kukiona dirishani mwa duka.

Kwanza nieleze zilikotoka. Mwaka wa 2005 Bwana Nicholas Negroponte wa Marekani alitangaza mpango wa kutengeneza kompyuta ya dola 100 kwa watoto wa shule katika nchi maskini. Ilipoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka wa 2007, bei ilikuwa imefika karibu dola 200. Mwaka huo huo kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC, mashine yenye kioo cha inchi 7, ghala ya gigabaiti 4 tu, na uzito usiotimia kilo moja. Watu waliigombea, na makampuni mengine yakafuata mbio. Lakini mwaka wa 2010 ilitoka iPad, na kufikia mwaka wa 2013 watengenezaji wakubwa walikuwa wameacha mashine za namna ile. Leo warithi wake ni zile za kioo cha inchi 11 hivi, zikiwemo Chromebook zilizoanza kuuzwa mwaka wa 2011.

Faida zake ni za kweli. Katibu anayepanda matatu kwenda kuonana na wanachama mashambani anaitia mkobani pamoja na daftari la risiti. Kwa kuwa nguvu yake ni ndogo, inakula umeme kidogo. Stima ikipotea mkutano unaendelea na kumbukumbu zinaandikwa. Nyingi hazina feni, kwa hiyo hazivuti vumbi. Na kwa kazi zetu, yaani barua, orodha ya wanachama na hesabu ya ada, hatuhitaji mashine yenye nguvu nyingi.

Sasa hasara. Mwaka wa 2009 nilinunua moja iliyokwisha tumika. Vibonyezo vilikuwa vimebanana, na baada ya kuandika majina mia mbili shingo iliniuma siku mbili. Nikifungua mambo matatu pamoja, inasimama kama punda aliyechoka. Za siku hizi ni afadhali, lakini katika nyingi za bei ya chini ghala na kumbukumbu zimechomelewa ndani. Haviongezeki wala fundi hawezi kuvibadilisha. Msaada wa Windows 10 ulikwisha Oktoba 2025, na Windows 11 inataka ghala isiyopungua gigabaiti 64. Mashine ya gigabaiti 32 haiwezi kuipokea. Chromebook nayo ina tarehe ambayo baada yake haipewi tena marekebisho ya usalama. Asiyeuliza tarehe hiyo dukani hununua mzee kwa bei ya kijana. Wahenga walisema, rahisi ni ghali.

Lakini, ndugu zangu, kuna jambo moja zito kuliko hayo yote. Karani mmoja wa tawi letu alipewa na tajiri wake kompyuta ndogo. Alifurahi, akatuonyesha. Mwezi haukuisha akaanza kuulizwa hesabu saa tatu usiku, na Jumapili pia. Zamani kompyuta ilikaa mezani ofisini. Karani akifunga mlango, kazi imebaki ndani. Sasa kazi inamfuata hadi kwenye sahani ya ugali, na ovataimu haionekani kwenye karatasi ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri apange saa za kazi na kumpa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Sheria haikusema kwamba mashine ikiwa nyepesi, siku hiyo imefutwa.

Kwa hiyo naleta mashauri matatu. La kwanza, tununue moja tu, tuijaribu miezi mitatu katika tawi moja, kisha tuamue. La pili, iandikwe katika daftari la mali ya chama, isiwe mali ya katibu. Na orodha ya wanachama iwe na nakala mahali pengine, maana kinachobebwa kwa urahisi huibwa kwa urahisi. La tatu, kila tawi liulize wanachama waliopewa mashine na waajiri: je, unafanya kazi nyumbani saa ngapi, na unalipwa? Majibu yaandikwe, tuyapeleke mezani tutakapozungumza mkataba mpya.

Mimi siikatai kompyuta ndogo. Nataka itubebee mzigo, isiwe njia ya kutuongezea.